Prosesa ya mezani au ya seva? Maswali tunayoulizwa sana Mbeya, Iringa na Njombe

Maswali haya tunaulizwa mezani kwa fundi, Mwanjelwa, na mengine yanakuja kwa simu kutoka Mafinga, Makambako, Tukuyu na Vwawa. Wateja wengi wanaanza na jina: "nataka Xeon," yaani prosesa ya seva ya Intel. Sisi tunaanza na kazi ya mashine, halafu umeme, halafu vipuri. Bei hatukuziandika kwa sababu zinapanda na kushuka kila mzigo unapoingia.

Tofauti yenyewe hasa ni ipi?

Ndani kabisa ni ndogo kuliko watu wanavyodhani. AMD wanatumia kori (vitengo vya kufanyia kazi ndani ya prosesa) za ukoo mmoja, Zen, kwenye Ryzen za mezani na kwenye EPYC za seva. Intel nao, Core na Xeon za kipindi kimoja mara nyingi ni ndugu wa damu. Kinachotofautiana ni vitu vinavyozizunguka hizo kori.

Core i5-12400, iliyotoka 2022, ina kori 6, inafika gigahezi 4.4, ina chaneli (njia) 2 za RAM, yaani kumbukumbu ya kazi, na haipokei zaidi ya GB 128. EPYC za mfululizo wa 7002, zilizotoka 2019, zinafika kori 64, chaneli 8, RAM hadi terabaiti 4 kwa soketi (nafasi ya prosesa) moja, na njia 128 za PCIe za kuchomekea diski na kadi za mtandao. Ila kori moja moja ya seva inakimbia taratibu zaidi. Kori 64 zote zikitaka gigahezi 4.4 kwa wakati mmoja, joto lake hakuna feni ya kuliondoa.

Hivyo mtu mmoja anayefungua faili kubwa la Excel anahudumiwa upesi zaidi na i5. Watu 200 wanaogonga hifadhidata moja kwa pamoja, pamoja na mashine pepe (kompyuta za programu ndani ya kompyuta moja) 15 juu yake, hao ndio wa EPYC au Xeon kubwa. Swali la kujiuliza ni wewe uko karibu na upande upi, na ofisi nyingi za huku ziko karibu sana na upande wa kwanza.

Fundi, nimeona Xeon ya kori 14 inauzwa rahisi kuliko Core i5 mpya. Mtego uko wapi?

Chipu yenyewe si feki, na urahisi wake una sababu. Karibu kila mara anayeuliza hivi ameonyeshwa Xeon E5-2680 v4 (v4 ni toleo la nne): kori 14, thredi (mikondo ya kazi) 28, gigahezi 2.4 za kuanzia na 3.3 ikijitutumua, wati 120. Ilitoka 2016. Vituo vikubwa vya data huko nje vikibadilisha seva zao, chipu hizi zinamwagwa sokoni kwa maelfu, na thamani yake inaporomoka.

Gharama inakusubiri kwenye vitu vingine. Inakaa kwenye soketi ya LGA 2011-3, na madabodi (bodi kuu) mpya ya kampuni kubwa kwa soketi hiyo huzipati tena kwa urahisi. Zinazouzwa nyingi ni bodi za China zilizoandikwa X99, na baadhi yake zina chipseti (chipu inayosimamia bodi) iliyong'olewa kwenye bodi kuukuu za mezani kama H81 au B85. Nyingine zinadumu, nyingine zinakufa mapema, na kwa kuitazama bodi tu huwezi kujua umepata ipi. Prosesa hiyo haina grafiki ya ndani ya kutoa picha kwenye skrini, kwa hiyo unanunua kadi ya grafiki hata kama kazi yako ni kuchapa barua. Halafu ongeza hitsinki (chuma cha kupozea prosesa) yake na pawasaplai inayojiweza.

Sasa tazama unachopata. Ukizipima kori zote kwa pamoja, zile 14 za 2016 zinakaribiana na 6 za i5-12400. Kwenye kazi inayotegemea kori moja, i5 inaiacha mbali. Programu nyingi za uhasibu, kivinjari na mifumo ya ofisi ni za aina hiyo ya pili.

Na kuna Windows. Windows 10 ilifika mwisho wa masasisho yake ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11, kwa upande wa Intel, inaanzia kizazi cha 8 isipokuwa chipu chache, na E5 v3 na v4 hazimo kwenye orodha ya Microsoft. Njia za kuilazimisha zipo, vijana wanazijua, lakini mashine inayotunza fedha za watu isiendeshwe kwa kulazimisha. Kwa Linux hakuna tatizo hilo.

Kwa hiyo mtego si wizi. Ni kwamba umeambiwa bei ya kipande kimoja.

Nani basi anafaa kununua hiyo Xeon kuukuu?

Mwanafunzi au mtu anayejifunza. Kijana wa MUST (Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya) au wa chuo kimoja cha Iringa anayetaka kufunga Proxmox (mfumo wa kuendeshea mashine pepe), kuwasha mashine pepe nane, kuharibu mtandao na kuutengeneza tena usiku kucha, atafaidi sana. RAM za seva za DDR4 (kizazi cha RAM) zilizotumika, zile za aina ya rejista, mara nyingi zinauzwa rahisi kuliko za mezani za ukubwa uleule, na GB 64 au 128 ndizo zinazomfaa kuliko kasi ya kori. Akimaliza anazima.

Asinunue E5 ya kwanza au v2 hata akipewa kwa bei ya kutupa. Hizo hazina maelekezo ya AVX2 (seti ya amri za hesabu), na programu kadhaa za sasa zinayataka. Aanzie v3. Na kama shabaha yake ni kufundisha modeli za akili mnemba, fedha aziweke kwenye kadi ya grafiki, prosesa ifuate baadaye.

Umeme utakula kiasi gani?

Hapa ndipo tunapokaa na mteja muda mrefu, maana hesabu hii haiandikwi kwenye boksi.

Kompyuta ya mezani ya kisasa yenye i5 na SSD, ikiwa imetulia bila kazi nzito, mara nyingi inakula wati 20 hadi 40. Seva kuukuu ya Xeon mbili, yenye feni zake, pawasaplai mbili na diski nne, inaweza kula 100 hadi 150 hata kama hakuna mtu anayeitumia. Tuseme tofauti ni wati 100. Kwa saa 24 hizo ni uniti 2.4, kwa siku 30 ni uniti 72. Ukiweka shilingi 350 kwa uniti (angalia risiti yako ya LUKU, uweke namba yako) unapata 25,200 kwa mwezi. Kwa mwaka inapita 300,000. Hiyo ni tofauti tu, si matumizi yote.

Kwa anayeiweka nyumbani kuna ubaya mwingine. Tarifa nafuu ya matumizi madogo ya majumbani ina ukomo wa uniti 75 kwa mwezi. Seva ikizila 72 peke yake, friji na pasi vinakuhamisha tarifa.

Usidanganywe na namba ya wati iliyoandikwa kwenye prosesa. Ile inakadiria joto ambalo hitsinki inatakiwa kuliondoa chini ya kazi fulani, haihesabu unacholipa TANESCO. i5-12400 imeandikwa 65 na kwa vipindi inaruhusiwa kufika 117. Mashine za ofisi zinakaa muda mwingi bila kazi, na ni wati za muda huo zinazojaza bili.

Umeme ukikatika, prosesa ya seva inavumilia zaidi?

Hapana. Umeme ukikatika zote zinazima palepale. Kinachokuokoa ni UPS (betri ya akiba), na hapo seva inakugharimu zaidi. UPS ndogo ya VA 650 hubeba chini ya wati 400. Kompyuta ya mezani moja na rauta zitakaa vizuri, seva ya prosesa mbili ikifanya kazi nzito inaweza kuiangusha. Baadhi ya pawasaplai za seva pia hazielewani na UPS za bei ya chini zinazotoa mawimbi ya ngazi ngazi. Unaona UPS inapiga kelele au inazima wakati wa kuhamia kwenye betri. Nunua ya mawimbi laini.

Jambo lingine ambalo mameneja hawalipendi: seva huchukua dakika kadhaa kujikagua kabla mfumo haujaanza. Umeme ukikatika mara tatu kabla ya saa nane mchana, foleni kaunta inazijua hizo dakika.

Kuanzia Novemba hadi Aprili, msimu wa radi, weka kinga ya umeme kwenye laini ya umeme na pia kwenye waya wa mtandao unaotoka nje ya jengo. Tumeona bandari za mtandao zikiungua wakati pawasaplai ni nzima.

ECC ni nini, na naihitaji?

RAM ya kawaida inatunza biti 64 (kila biti ni 0 au 1) kwa mkupuo. RAM ya ECC inaongeza biti 8 za ulinzi, jumla 72. Biti moja ikigeuka yenyewe, inarekebishwa bila wewe kujua. Zikigeuka mbili, mfumo unajua kuna kosa badala ya kuandika namba ya uongo kwenye leja. Makosa haya si hadithi. Utafiti wa seva za Google uliochapishwa 2009 ulikuta zaidi ya asilimia 8 ya moduli za RAM zikipata kosa ndani ya mwaka, na lawama nyingi zikaangukia hitilafu za moduli zenyewe.

Chanzo kingine ni nyutroni zinazotokana na miale ya anga. Hizo huongezeka kadiri unavyopanda kutoka usawa wa bahari, kwa hiyo Mbeya, mita 1,700 hivi, tunazipata nyingi kuliko Dar es Salaam. Usikose usingizi kwa hilo. Moduli mbovu au vumbi kwenye nafasi ya RAM vitakusumbua kabla ya nyota kukusumbua.

Kwa maoni yetu, ECC ndiyo sababu nzuri kuliko zote ya kutoka kwenye mashine ya mezani ya kawaida. Kori unaweza kuzikosa ukaendelea kuishi. Salio la mwanachama likibadilika bila mtu kuligusa, utaeleza nini kwenye mkutano mkuu?

Habari njema ni kwamba si lazima ununue jiseva. Ryzen nyingi zisizo na grafiki ya ndani zinaitumia ECC ikiwa madabodi inakubali; Ryzen 5000 za herufi G za kawaida haziwezi. Upande wa Intel, baadhi ya Core za kizazi cha 12 na kuendelea zinaweza zikikaa kwenye bodi ya W680. Hakikisha kwenye ukurasa wa bodi yenyewe kabla hujalipa, maana "inawaka na RAM ya ECC" na "inarekebisha makosa" ni mambo mawili.

Naweza kuichomeka Xeon kwenye kompyuta yangu ya kawaida?

Mara chache. Xeon E3 za zamani, mfano E3-1231 v3, zilikaa kwenye bodi za kawaida za LGA 1150 na zilikuwa mbadala mzuri wa i7. Kuanzia E3 v5 Intel walifunga mlango huo: zinataka bodi za chipseti ya C232 au C236. Familia ya E5 ina soketi yake kubwa kabisa, usijaribu. RAM ya rejista kutoka seva nayo haiwaki kwenye bodi ya mezani, hata kama zote zimeandikwa DDR4 na inaingia vizuri.

Sisi ni SACCOS ya watumiaji kama kumi. Tununue nini?

Seva ndogo ya mnara yenye prosesa moja ya daraja la chini, Xeon E au mwenzake, kori 4 hadi 8, RAM ya ECC GB 32, na SSD mbili zinazonakiliana. Kama bajeti haifiki, kompyuta ya mezani ya ofisi, mpya, ikiwa na SSD mbili na UPS, inabeba watumiaji kumi wa mfumo wa mikopo bila shida yoyote. Tungependa ECC iwepo, lakini SACCOS yenye i5 na bakapu iko salama kuliko yenye Xeon mbili bila bakapu. Nakala moja ilale jengo jingine kila siku. Wezi wakibeba seva, wanabeba na diski ya bakapu iliyochomekwa ubavuni mwake.

Kuna kitu kinasahauliwa kila siku: leseni. Windows Server Standard inahesabiwa kwa kori, na kiwango cha chini ni kori 16 kwa seva. Mashine ya Xeon mbili za kori 14 inalipiwa kori 28, hata kama 20 kati yake zinasinzia. Toleo la Essentials la 2022, ambalo huuzwa pamoja na seva mpya, linaruhusu watumiaji 25 bila hesabu hiyo, ila linataka prosesa moja yenye kori zisizozidi 10. Kwa SACCOS ya watu kumi hilo linatosha na kubaki. Kori nyingi za bure zinaweza kukugeuka kwenye ankara ya programu.

Sababu halali ya kuchukua seva kamili ni hizi: unahitaji RAM kupita GB 128, una diski nyingi za kubadilisha bila kuzima, unaendesha mifumo kadhaa kwenye mashine pepe, au fundi wako yuko Iringa na mashine iko Ludewa. Hii ya mwisho ni nzito kuliko inavyoonekana. iDRAC ya Dell au iLO ya HP inamwezesha fundi kuiwasha mashine na kuiona skrini akiwa mbali, hata Windows ikiwa imegoma. Nauli zinaokolewa hapo.

Prosesa mbili ni kasi mara mbili?

Hapana. Kila prosesa ina RAM yake, na ikitaka data iliyo kwa mwenzake inapita njia ndefu. Programu isiyojua kugawana kazi haioni faida. Na Windows Home inatambua prosesa moja tu. Mbili ni kuanzia Pro.

Nahariri video za harusi na kwaya. Xeon si ndiyo ya wataalamu?

Chukua Core yenye grafiki ya ndani au Ryzen pamoja na kadi nzuri ya grafiki. Kusoma na kutoa video za H.264 na H.265 kunabebwa na sehemu maalumu ya grafiki, ambayo Xeon E5 haina. Kwaya za Mbeya zina nyimbo nyingi na hazipendi kungoja.

Huku kwetu kuna baridi. Si inatosha kupoza seva?

Inasaidia, hasa Juni na Julai, lakini kuna pande mbili. Hewa ya Mbeya ni nyepesi kuliko ya Dar kwa karibu asilimia 15, kwa hiyo feni ikizunguka kwa mwendo uleule inabeba joto dogo zaidi. Ndiyo maana watengenezaji wengi wa seva hupunguza joto la chumba linaloruhusiwa kwa nyuzi 1 kila mita 300 hivi baada ya mita 900 na ushee. Seva iliyoandikwa nyuzi 35, Mbeya ihesabu 32. Njombe, inayokaribia mita 2,000, ondoa moja nyingine. Chumba chenye dirisha na hewa inayopita hakifiki huko kwa urahisi. Stoo iliyofungwa yenye seva na betri za inveta inafika kabla ya adhuhuri.

Adui mkubwa ni vumbi la kiangazi, Agosti hadi Oktoba. Usiweke mashine sakafuni. Tukuyu na Rungwe yote wasiwasi ni unyevu: mashine isizimwe wiki nzima kwenye chumba kinachovuja ukungu.

Kelele je?

Seva bapa za kuweka kwenye raki zinapiga mluzi kama zinataka kupaa. Usiiweke chumba kimoja na mhasibu.

Vipuri vikihitajika nitavipata huku?

Vya mezani, ndiyo. Pawasaplai ya ATX, feni au RAM ya DDR4 ya kawaida unaipata mjini siku hiyohiyo. Pawasaplai ya seva ina umbo lake la kampuni na modeli. Inaagizwa Dar, ikipatikana Kariakoo inapanda basi la usiku. Ukinunua seva iliyotumika, nunua pawasaplai ya akiba pamoja nayo, si baada ya kuungua.

Nikague nini kabla ya kulipia mashine ya mtumba?

Omba hitsinki ifunguliwe. Prosesa iliyochapwa "INTEL CONFIDENTIAL" ni sampuli ya majaribio. Haikupaswa kuuzwa, na baadhi ya bodi zinaikataa. Mwangaza wa simu upitishe pembeni mwa soketi utafute pini iliyolala, kwani kwenye Intel za miaka hii pini ziko kwenye bodi, na pini moja iliyopinda inaweza kuua chaneli nzima ya RAM. Washa, linganisha kiasi cha RAM kinachoonekana na kilichochomekwa. Kisha endesha MemTest86 (programu ya kupima RAM) angalau mzunguko mmoja kamili. Muuzaji anayesema hana muda wa jaribio hilo amekujibu tayari.

Nikiinunua Mbeya, nitaisafirishaje hadi Songea au Makete?

Prosesa iache kwenye soketi yake. Hitsinki kubwa ya mnara iondolewe na ifungwe peke yake, maana uzito wake kwenye barabara ya vumbi unavuta bodi. Kadi ya grafiki nayo ichomolewe. Boksi liandikwe upande wa juu, lisikae chini ya magunia ya viazi. Likifika asubuhi likiwa la baridi, liache limefungwa chumbani saa mbili kabla ya kuwasha, ili umande usije ukakaa juu ya bodi. Paka pesti mpya ya joto kabla ya kurudisha hitsinki. Kidogo, ukubwa wa punje ya harage kwa soketi ya kawaida, zaidi kidogo kwa LGA 2011.